Maswali ya wasomaji: Usiku wa kuliwa nao uandikwe

Safu ya leo yote ni ya poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau. Barua zimekuja kadhaa na ukizisoma vizuri zote zinazunguka jambo moja, zile siku mtu ameamka mezani akiwa amepoteza, halafu anazisemaje, kwa wenzake, kwa nyumbani, au kwa nafsi yake tu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naamini wengi wapo hapohapo alipo huyu ndugu.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mi nacheza poka, Texas Hold'em, saa nyingine kasino saa nyingine kwenye simu. Nina daftari la matokeo ila nikishinda naandika palepale tena kwa raha, nikiliwa nasema ntaandika kesho, kesho inapita, baadaye hata sikumbuki ilikuwa ngapi, naweka makadirio au naacha kabisa. Kuna usiku pia nilicheza kwa hasira nikatupa chipu (vile vidude vya mezani vinavyosimama badala ya hela) hovyo, hiyo nikaona nisiihesabu manake haikuwa mchezo wangu wa kawaida. Sasa daftari linaonyesha nashinda kama sesheni 7 kwenye kila 10 na nipo kwenye faida, lakini mtaji unazidi kupungua na nimeshaongezea hela ya mfukoni zaidi ya mara moja. Wenzangu nikiwaambia nipo juu wanaamini. Hivi mimi ni mchezaji mzuri au vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza umefanya vizuri kuandika, maana ungeweza kuendelea kuongezea hela kimyakimya miaka na miaka.

Kati ya daftari na mtaji, amini mtaji. Kama karatasi inasema faida na wewe unaongezea hela, basi zile sesheni ambazo hazipo kwenye karatasi ndo zimemeza tofauti yote. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote achana na kumbukumbu, chukua taarifa ya akaunti yako, jumlisha kila hela uliyoweka kwenye programu ya kuchezea na kila hela uliyotoa taslimu kwenda nayo kasino, toa zile zilizorudi. Namba utakayoipata ndo hali yako halisi mpaka leo. Inaweza kuuma, lakini ni namba moja tu na ukishaiona hutahitaji tena kukisia.

Sasa hilo la 7 kati ya 10. Hata kama ungekuwa umeandika zote bila kuficha hata moja, bado lisingetosha kukwambia unashinda. Chukua mfano. Kwenye zile 7 kila moja umetoka na faida ya bigi blaindi 30 (bigi blaindi ni lile dau kubwa la lazima la kuanzia kila mgao, wachezaji hupimia hela kwa hilo), jumla 210. Kwenye zile 3 umeliwa 100 kila moja, jumla 300. Umeshinda mara nyingi kuliko kuliwa na bado upo chini bigi blaindi 90. Na hii haitokei kwa bahati mbaya, inatokana na namna watu wengi wanavyokaa mezani: wakipata faida kidogo wanaondoka haraka ili "waifungie", wakiwa chini wanang'ang'ania mpaka saa nane za usiku wakitaka angalau warudishe, wanacheza wamechoka, wananunua tena chipu, na ile hasara ndogo inakuwa kubwa. Yaani masaa yao mengi wanayacheza wakiwa katika hali mbaya kabisa ya akili na masaa machache wakiwa safi. Ukiandika na muda utaliona hili kwako haraka sana, kwa hiyo weka safu ya masaa: uliingia saa ngapi, ulitoka saa ngapi.

Kwa nini tunakimbia kuandika hasara? Binadamu tumeumbwa hivyo, na hili limefanyiwa utafiti. Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979 walieleza kwamba kupoteza kiasi fulani kunamuuma mtu zaidi kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyomfurahisha, na kwamba mtu akiwa upande wa hasara anakuwa tayari kubahatisha zaidi ili tu asiikubali. Mezani ndo hicho unachokiona kila siku, mtu mtulivu kabisa akiwa juu, akishuka anaanza kukoli (kulipa dau la mwenzake ili abaki mchezoni) vitu ambavyo saa moja iliyopita angevitupa bila kufikiri.

Ila kuna kitu naona hakuna aliyekwambia na nataka ukishike kwa mikono miwili, kwamba kuliwa ni sehemu ya kawaida ya mchezo hata kwa anayeshinda kwa mwaka mzima. Mchezaji mzuri tumpe faida ya bigi blaindi 5 kwa kila mikono 100 (mkono ni mgao mmoja wa karata, mwanzo mpaka mwisho), hicho ni kiwango kinachoheshimika. Lakini matokeo ya Hold'em isiyo na kikomo cha dau yanayumba sana, kwa kipimo cha wanatakwimu yanasambaa kama bigi blaindi 90 mpaka 100 kwa kila mikono hiyo 100. Piga hesabu: akicheza sesheni ya mikono 200, karibu mara 47 kati ya 100 ataamka amepoteza. Karibu nusu! Na huyo ni mshindi. Hata akifikisha mikono 10,000, ambayo kwenye meza ya kasino yenye kugawa mikono kama 30 kwa saa ni zaidi ya masaa 300, bado kuna uwezekano wa kama 30 kati ya 100 awe yuko chini. Akienda mpaka 100,000 ndo unashuka kwenye kama 5 kati ya 100.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anayesema yeye kila akikaa anashinda, mwenye ujuzi anasikia tu kwamba huyu haandiki. Na wewe usiku wako wa kuliwa haukupunguzii heshima yoyote kama mchezaji, mi binafsi namheshimu zaidi anayesema "leo nimepoteza bai-ini mbili", yaani hela ya kuingilia mezani mara mbili, kwa sauti ya kawaida bila kunung'unika. Aibu unayoisikia imejengwa juu ya picha ya mchezaji ambaye hayupo duniani.

Upande mwingine wa hesabu hizohizo ndo unaotaka uaminifu mkali. Kama mshindi anaweza kuonekana anashindwa kwa masaa 300, basi na anayeshindwa anaweza kuonekana mshindi kwa muda mrefu vilevile. Kinachoweza kukutofautishia ni wingi wa mikono iliyoandikwa yote. Ukitoa hata sesheni chache mbaya, na huwa ndo kubwa, picha yote inageuka, ni sawa na mwenye duka anayeandika mauzo tu bila manunuzi, mwisho wa mwezi hajui hata anauza kwa hasara.

Naomba basi uandike hivi. Kabla hujatoka kwenye kiti au hujafunga programu, namba kwanza, maelezo baadaye, hata ukitaka maelezo yasiwepo kabisa. Andika kila hela iliyoingia mezani. Wengi wanateleza kwenye kununua tena: umeingia na bigi blaindi 100, zikaisha, ukanunua 100 nyingine, umetoka na 60, halafu unajiambia "nimepoteza 40 tu". Umepoteza 140. Ile mia ya kwanza haikufutika kwa sababu umekaa upya. Mkopo uliomwachia jirani mezani nao hesabu umetoka mpaka siku atakaporudisha. Bahashishi za mgawaji na ada ya meza vyote ni gharama, na usisahau makato ya nyumba, kasino nyingi zinachukua asilimia fulani ya kila poti (hela zote zilizowekwa kwenye mkono mmoja) mpaka kikomo walichoweka, kwa hiyo meza nzima kwa pamoja inapoteza kila saa inayopita hata kama hakuna aliyekosea kitu. Anayeshinda lazima awazidi wenzake na ayazidi na hayo makato.

Ule usiku wa hasira uandike leo hii hata kama ni kwa kukisia kutoka kwenye taarifa ya akaunti. Nakuelewa, unaona haukuwa wewe. Lakini hela zilizotoka zilikuwa zako na aliyekuwa amekaa pale ni wewe ukiwa kwenye tilti, yaani hasira imekutoa kwenye mchezo wako, na wewe wa tilti ni sehemu ya mchezo wako kama ulivyo wewe wa kufoldi (kutupa karata mbaya) vizuri. Pengine ndo mwenye gharama kubwa kuliko wote, sasa ukimfuta daftarini utamjuaje anakugharimu kiasi gani kwa mwaka? Weka alama pembeni, herufi moja tu, kila ukijua ulipoteza utulivu. Baada ya miezi kadhaa jumlisha zile zenye alama peke yake. Wapo wachezaji ambao ukiondoa hizo ni washindi wazuri, na hawakulijua hilo mpaka walipoziandika.

Kuhusu bahati mbaya nayo tuseme kidogo, maana hapo ndo uongo mwingi unapojificha ukiwa umevaa ukweli. Umeweka kila kitu ndani na esi mbili dhidi ya kingi mbili kabla ya flopu (zile karata tatu za kwanza za wote mezani, baada yake zinakuja mbili zaidi), ukapigwa. Inauma ndiyo, lakini hizo esi zinashinda kama mara 82 kati ya 100, maana yake karibu mara moja kwenye kila tano lazima zipigwe. Jamaa ana kopa nne baada ya flopu anasubiri ya tano, kuna karata 9 za kumsaidia na nafasi mbili za kuzipata, anafika kama mara 35 kati ya 100. Zaidi ya mara moja kwenye kila tatu! Hakuna muujiza hapo. Ukihadithia kila hasara kwa mkono mmoja wa namna hiyo unasahau mikono mingine mia uliyocheza usiku uleule, yale makoli madogo madogo uliyojua umeshapigwa lakini ukalipa ili "uone tu". Hata zile programu zinazokuonyesha ungepata kiasi gani kama karata zingekuja kwa haki, zinapima tu mikono ambayo hela zote ziliingia kabla ya karata ya mwisho. Haziwezi kukwambia kwamba hukutakiwa hata kuwepo kwenye ule mkono.

Kwa hiyo swali lako, ni mchezaji mzuri au vipi, kwa sasa hivi hakuna anayeweza kulijibu. Hata wewe. Anza upya leo, na kwa wenzako huna haja ya kutangaza chochote, ila mtu akikuuliza ulivyo sema "sijui bado, ndo nimeanza kuandika zote".

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mume wangu anacheza poka na kila akirudi nikimuuliza anasema "nimetoka sare". Miezi inaenda ni sare tu, sijawahi kusikia amepoteza. Juzi nimegundua amekopa kwa rafiki yake na rafiki alidhani mi najua. Simchukii kwa kucheza, nachoka na huu ukungu. Nikimbana anasema simwamini. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu pole, na hujakosea kuchoka. Sare kila mara haipo kwenye mchezo huu, nimeeleza hapo juu namna matokeo yanavyoyumba, kutoka na kiasi kilekile ulichoingia nacho hutokea mara chache sana. Anaposema sare anakwambia "sitaki tuongee".

Inawezekana ni aibu tu. Mtu anaingia mlangoni amechoka, ameliwa, swali la kwanza ni "umeshinda?" na anajua jibu litaharibu usiku wa watu wawili. Kwa hiyo mimi ningehamisha hayo mazungumzo yatoke mlangoni yaende kwenye siku moja ya mwezi mliyokubaliana, mchana, mkiwa mmekaa. Na usiulize ameshinda mara ngapi, omba vitu viwili: jumla iliyotoka na jumla iliyorudi. Kubalianeni pia kiasi cha mchezo kiwe pembeni kabisa na hela za nyumba, kikiisha kimeisha mpaka mwezi unaofuata. Mwambie waziwazi kwamba mwezi wa hasara ndani ya kiasi hicho hautakuwa ugomvi, halafu na wewe utimize, kwa sababu akisema ukweli mara ya kwanza ukalipuka, mara ya pili utasikia sare tena.

Ila huo mkopo wa siri unanipa wasiwasi na sitaki niupite haraka. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, umeweka tatizo la kamari kwenye kundi moja na uraibu wa vilevi na dawa za kulevya, na umetaja dalili 9, mtu akiwa na 4 au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabika ana tatizo. Kati ya hizo 9 moja ni kudanganya ili kuficha anavyocheza, nyingine ni kurudi siku nyingine kuzifuata hela alizopoteza, nyingine ni kutegemea watu wamkwamue kwa hela kamari ikishambana. Kuna na kipimo kifupi chenye maswali mawili tu, kama amewahi kuhisi lazima aongeze dau zaidi na zaidi, na kama amewahi kulazimika kuwadanganya watu wake wa karibu kuhusu kiasi anachocheza. Unaona uongo umekaa wapi kwenye hili jambo, kwa wataalamu nao ni ishara kubwa, sio ugomvi wa ndoa tu.

Mi na wewe hatuwezi kumpima kwa barua, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Lakini unaweza kuangalia: anakopa tena? Anauza vitu? Anakuwa mkali ukimwomba apumzike hata wiki mbili? Kama ndiyo, muende kwa mshauri nasaha au daktari. Gamblers Anonymous, chama kilichoanzia Los Angeles mwaka 1957, kina maswali 20 ambayo mtu anajiuliza mwenyewe, wanasema wenye tatizo wengi hujibu ndiyo kwa angalau 7, na wapo Gam-Anon kwa ajili ya familia, yaani wewe. Kasino na programu nyingi pia zinamruhusu mchezaji ajifungie mwenyewe asiingie kwa muda anaouchagua.

Na huo mkopo usiulipe wewe kimyakimya, hata ukiwa na uwezo na hata ukimwonea huruma. Ukiulipa kwa siri hasara inakuwa haijawahi kutokea machoni pake. Alipe mwenyewe, polepole, ukijua. Na wewe usimwombe rafiki yake awe mpelelezi wako, mwambie tu kwamba sasa unajua na kwamba asimpe tena bila wewe kuwepo.

Hilo la "huniamini", mjibu kwa upole kwamba unataka kumwamini na ndo maana unaomba namba.

SWALI: Mambo vipi kaka. Nacheza mashindano na jamaa wawili wananilipia viingilio, faida tunagawana nusu kwa nusu. Nimetoka patupu mara nyingi mfululizo, na kuna viingilio viwili niliingia kwa hela yao nikiwa sijalala, nikatolewa mapema sana. Hawajui hayo mashindano mawili. Najua ntarudisha nikishika nafasi nzuri, lazima niwaambie?

JIBU: Lazima, na leo. Hela sio yako kaka. Mkataba wa kulipiwa kwa kawaida unaenda hivi, hasara zinajumlishwa zinasubiri, ukishinda zinarudishwa kwanza kwa waliokulipia halafu kinachobaki ndo mnagawana. Ukificha viingilio viwili, siku ukishinda hesabu ya mgao itakuwa ya uongo na wao watapokea pungufu ya haki yao bila kujua. Hata usiposhinda, wanaendelea kukuwekea hela kwa kuangalia rekodi ambayo umeikata.

Kutoka patupu mfululizo hakutawashtua kama wanajua mashindano, manake kawaida wanaolipwa ni kama asilimia 10 mpaka 15 ya walioingia, wengine wote wanaondoka mikono mitupu. Hata zile orodha za mitandaoni za mapato ya wachezaji maarufu zinaonyesha zawadi walizopata, viingilio walivyolipa havimo, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana ameingiza mamilioni na akawa kwenye deni. Stu Ungar alichukua ubingwa wa dunia wa World Series of Poker mwaka 1980, 1981 na tena 1997, na mwaka 1998 alifariki akiwa hana kitu. Jamaa zako wanalijua hilo, ndo maana walikubali kukulipia huku wakijua watapoteza mara nyingi.

Kitakachowashtua ni kule kuingia hujalala, na hilo ndo wanatakiwa walisikie kutoka kwako. Watumie orodha yote, tarehe, kiingilio, nafasi uliyotolewa, na hayo mawili uyaweke kwenye mstari wake na maelezo yake mafupi: niliingia nikiwa sijalala. Sema upo tayari kuyalipa hayo mawili kutoka mfukoni mwako, nadhani ni haki yao hata kama hawatadai. Wakiamua kuacha kukulipia itabidi ukubali, wakiendelea watumie matokeo kila usiku shindano linapoisha, ushinde usishinde.